Trikola wa California: ndege wa kinamasi aliyehamia shamba la saileji

Kufikia Aprili, tritikale ya Bonde la San Joaquin, katikati ya California, huwa imefika kifuani. Ni nafaka mahuluti ya ngano na rai. Hupandwa vuli, na haingojwi ikomae: hukatwa ikiwa mbichi, ikasagwa na kushindiliwa iwe saileji, yaani malisho ya kuvundikwa, ya ng'ombe wa maziwa. Mkulima ana siku chache tu za kuikata ikiwa na ubora anaoutaka. Siku hizo zikipita, shina hukakamaa, protini hushuka, na mahindi yanayotakiwa kufuata kwenye shamba lile lile huchelewa kuingia ardhini. Siku hizo hizo ndizo ndege aitwaye Agelaius tricolor anapokuwa amelijaza shamba viota, mara nyingine makumi ya maelfu katika shamba moja. Kiota hufumwa kikashikizwa kwenye mabua yenyewe, juu kidogo ya ardhi. Mashine hukata chini ya hapo. Ikishapita, mayai na makinda yote yamekwenda na malisho.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa mkulima na ndege. Naona huko ni kukisoma nusu. Swali lenye uzito ni jinsi ndege wa kinamasi alivyofika kwenye shamba la saileji, na kwa nini hata viota vilivyonusurika mashine havikutoa makinda ya kutosha. Anayejibu habari ya mashine peke yake atatumia fedha nyingi na kubaki akishangaa mbona idadi haipandi.

Nitamwita trikola. Dume ni mweusi tii, bega jekundu la kukoza, na chini ya wekundu huo ukanda mweupe. Jike ni wa kahawia-kijivu mwenye michirizi. Ana binamu anayefanana naye sana, Agelaius phoeniceus, aliyeenea Amerika Kaskazini karibu yote, ambaye kwa kawaida ukanda wake ni wa manjano. Kwa mbali wanachanganyika, na makosa mengi ya kuhesabu huanzia hapo. Ila kwa tabia hawakaribiani. Binamu hugawa kinamasi, kila dume na eneo lake analolilinda. Trikola hutosheka na mita chache za mraba, dume mmoja akiwa na jike mmoja hadi wanne, na kundi zima huanza kazi kwa pamoja. Mahali palipokuwa kimya wiki iliyopita unaweza kukuta maelfu ya majike wakifuma viota bega kwa bega. Mayai huwa 3 au 4, huanguliwa baada ya siku 11 au 12, na kabla wiki mbili hazijapita tangu hapo makinda yameshatoka kiotani.

Faida ya mtindo huu ni wingi unaowashinda wawindaji: kunguru, rakuni na koyote hula wanachoweza, wakishiba bado viota vingi vimebaki. Msomaji anayemjua kwelea kwelea ataelewa mara moja, kwani naye huzaliana kwa makundi makubwa yanayokwenda kwa mwendo mmoja na kuhama kufuata chakula. Tofauti ni ukubwa wa uwanja. Kwelea kwelea ana sehemu kubwa ya bara la Afrika; akifukuzwa huku, kule kupo. Trikola karibu wote wanaishi ndani ya California. Nje ya jimbo hilo wamo wachache Oregon, Washington, Nevada, na kaskazini mwa Baja California upande wa Mexico. Kwa hiyo kukiharibika California, hakuna akiba mahali pengine.

Jambo la pili la kushika ni kwamba trikola hazaliani mahali pamoja. Mwaka 1998 William Hamilton, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alieleza kwa kina kile alichokiita kuzaliana kwa kuhamahama: Machi na Aprili ndege wengi hutaga Bonde la San Joaquin upande wa kusini, kisha husogea kaskazini hadi Bonde la Sacramento na kutaga tena Mei na Juni. Ndege mmoja, mwaka mmoja, mikoa miwili. Hilo ni msingi wa mengi yatakayofuata, maana ukiona koloni, yaani kundi linalotaga pamoja, limetoweka huwezi kusema kwa haraka kama ndege wamekufa au wamehama.

Mwanzo wa kisa upo kwenye maji. Bonde Kuu la California, linalojumuisha mabonde yote mawili, lilikuwa na ardhi oevu inayokadiriwa kufikia hekta milioni 1.6. Zaidi ya asilimia 90 imepotea. Mito ilijengewa kingo, mabwawa yakazuia mafuriko ya masika, na Ziwa Tulare, lililokuwa kubwa kuliko maziwa yote ya maji baridi magharibi ya mto Mississippi, likakaushwa likawa mashamba. Huko ndiko kulikokuwa na matete ambamo trikola alijificha, miguu ya kiota ikiwa majini na mwindaji wa nchi kavu asifike.

Hata baada ya hasara kubwa hiyo, bado walikuwa wengi wa kutisha. Johnson Neff, aliyetembea mashamba na vinamasi vya California miaka ya 1930, aliripoti makoloni 252 katika kaunti 26. Mwaka 1934 peke yake alikadiria ndege wazima zaidi ya 736,500 katika kaunti 8 tu. Koloni moja la Kaunti ya Glenn lilikuwa na viota zaidi ya 200,000 kwenye eneo la hekta 24 hivi. Na hao ndio waliobaki: kipindi hicho ndege weusi walipigwa risasi wakauzwa sokoni kama kitoweo, na kwenye mpunga waliwekewa sumu kama wadudu waharibifu. Mtu aliyesimama mbele ya koloni la Glenn asingekuwa na sababu ya kuamini kwamba ndege huyu anaweza kuisha.

Hapo ndipo wingi ulipodanganya. Waliorudi kuhesabu kati ya 1969 na 1972 walihitimisha kwamba idadi imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu siku za Neff. Hakuna aliyeshtuka sana. Ndege anayeonekana kwa maelfu kwenye shamba moja haombewi huruma.

Matete yalipokwisha, trikola hakukaa kungoja. Alianza kujenga kwenye vichaka vya beri nyeusi vyenye miiba vilivyoletwa kutoka ng'ambo, kwenye mbigili, haradali, na magugu ya kuwasha. Chochote kilicho kizito, chenye miiba au kigumu kupenyeka. Kisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ukakua kusini mwa San Joaquin, na pamoja nao tritikale. Kwa macho ya ndege, shamba hilo ni kinamasi kilichofufuka: mabua mazito yaliyosimama wima, maji ya umwagiliaji karibu, na hatua chache tu kutoka hapo kuna marundo ya chakula cha ng'ombe ambayo ndege wazima hujilia nafaka. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 makoloni ya trikola makubwa kuliko yote yalikuwa kwenye mashamba hayo, katika kaunti za Merced, Tulare na Kern. Machache tu kati yake yangeweza kubeba sehemu kubwa ya kizazi kizima cha mwaka.

Sheria haikukosekana. Mkataba wa ndege wahamao umekuwa sheria ya Marekani tangu 1918, na kuharibu viota vyenye mayai kunakatazwa. Lakini nani atamkamata mfugaji anayekata malisho yake mwenyewe, siku ambayo kila jirani anakata? Kwa miaka mingi njia iliyotumika ilikuwa kununua mavuno: mkulima analipwa, anaacha shamba hadi makinda yaruke. Fedha zilipatikana mwaka huu, mwaka ujao hazikupatikana, na mara nyingine koloni liligunduliwa mashine ikiwa imeshaingia. Mkono mtupu haulambwi, na mfugaji aliyewahi kuahidiwa fidia ikachelewa ana kila sababu ya kutompigia simu mtu yeyote akiona ndege weusi wakishuka shambani.

Sasa hesabu. Tangu 1994 kumekuwa na sensa ya jimbo zima, kwa siku chache za Aprili, watu wa kujitolea wakitembelea makoloni yanayojulikana na kukadiria. Mwaka 2008 walipata ndege wapatao 395,000. Mwaka 2011 wakapata 259,000. Mwaka 2014 wakapata 145,000. Ni upungufu wa zaidi ya asilimia 60 ndani ya miaka sita, nao haukugawanyika sawa: Bonde la San Joaquin lilipoteza asilimia 78 na pwani ya kati asilimia 91.

Takwimu hizi zina udhaifu, na wapinzani wa ulinzi wa kisheria waliushikilia. Kukadiria ndege 30,000 wanaoingia na kutoka shambani kwa mawimbi si kazi ya kuaminika hata kwa mzoefu. Juhudi za kutafuta makoloni hazikuwa sawa kila sensa. Nafuu ni kwamba zipo njia nyingine zisizotegemea sensa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliochanganya kumbukumbu za watazamaji wa ndege na taarifa za ndege waliovishwa pete miguuni, ulipata upungufu wa takriban theluthi moja kati ya 2007 na 2016. Ni mdogo kuliko ule wa sensa, ila mwelekeo ni ule ule. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko tarakimu yoyote moja: vyanzo viwili vyenye makosa tofauti vinashuka pamoja.

Baada ya sensa ya 2014 mambo yalienda mbio kwa viwango vya taasisi za serikali. Desemba mwaka huo Tume ya Samaki na Wanyamapori ya California ilimpa trikola ulinzi wa dharura kama spishi iliyo hatarini kutoweka. Ulinzi huo uliisha katikati ya 2015 bila kuendelezwa. Desemba 2015 akarudishwa kwenye orodha kama spishi inayochunguzwa, na Aprili 2018 tume ikapiga kura aorodheshwe miongoni mwa spishi zinazotishiwa, daraja moja chini ya hatarini. Mwaka 2019 serikali kuu, kupitia idara yake ya samaki na wanyamapori, ikasema kwa upande wake hastahili orodha ya kitaifa. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikuwa limemweka kwenye kundi la walio hatarini tangu 2006. Ndege mmoja, hukumu tatu.

Kilichobadilisha hali shambani zaidi kuliko orodha zote hizo ni fedha za uhakika. Mwaka 2015 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitenga dola milioni 8 kwa mpango ulioongozwa na Audubon California, shirika la kuhifadhi ndege, pamoja na vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima. Mkulima anayekuta koloni anajua mapema atalipwa kwa nini na kwa utaratibu gani. Wanabiolojia hupita kuanzia Machi wakitafuta makoloni yanayoanza. Koloni likithibitishwa, sehemu yenye viota huwekewa mpaka pamoja na ukanda wa kuizunguka, na zilizobaki hukatwa kama kawaida. Katika miaka iliyofuata makoloni mengi yaliyojulikana kwenye saileji yalinusurika mashine. Ushirikiano wa vyama vya wafugaji ulisaidia pia, kwa kuwa simu kutoka kwa mfugaji mwenzako huwa haikuongezei wasiwasi kama ile ya mtu wa serikali.

Sensa ya 2017 ilipata ndege 177,656. Imepanda kidogo kutoka 2014, lakini bado ni chini ya nusu ya 2008. Hapo ndipo nusu ya pili ya kisa inapodai kusomwa.

Robert Meese, pia wa Davis, alifuatilia makoloni kuanzia 2006 hadi 2011 akihesabu makinda waliofikia kuruka. Alichokipata ni uzazi hafifu mwaka hadi mwaka, hata katika makoloni ambayo hayakuguswa na mashine. Na uzazi huo ulipanda na kushuka pamoja na wingi wa wadudu kwenye maeneo ya kulishia. Sababu ni ya kimwili kabisa. Jike anahitaji wadudu ili atengeneze mayai. Kinda kwa siku zake za mwanzo halishwi nafaka. Hulishwa panzi, viwavi na mbawakawa, na mzazi huwatafuta kwa kawaida ndani ya kilomita chache kutoka kiotani. Chakula cha ng'ombe kinamtosha mzazi, kinda hakimfai. Kwa hiyo shamba la saileji linaweza kuwavuta ndege 20,000, wakashiba, wakajenga, wakataga, kisha makinda wakadhoofika kiotani kwa kuwa nyika ya panzi iliyokuwa jirani imepandwa lozi.

Na ilipandwa kweli. Eneo la milozi inayozaa California liliongezeka zaidi ya maradufu kati ya 2000 na 2018, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko kwenye bonde hili hili. Chini ya milozi na mizabibu trikola hana cha kuokota. Ongeza dawa za kuua wadudu, zikiwemo neonikotinoidi, na ukame mkali ulioanza 2012 ukakausha malisho ya nyika. Kila kimoja kingeweza kuvumilika. Kwa pamoja vinaacha eneo kubwa la kijani lisilo na kitu cha kumlisha kinda.

Kuna mgeni mmoja wa kutajwa hapa, yangeyange, yule yule mweupe anayefuata ng'ombe. Asili yake ni Ulimwengu wa Kale (Afrika, Ulaya na Asia), na Amerika Kaskazini aliingia katika karne ya 20 baada ya kupitia Amerika Kusini. Katika Kaunti ya Tulare yangeyange wamejifunza kuingia kwenye makoloni ya trikola na kula makinda kwa wingi. Korongo wa usiku nao hufanya hivyo, wakiteketeza hata makoloni ya vinamasi vilivyohifadhiwa. Mkakati wa kuwashibisha wawindaji kwa wingi hufanya kazi wingi ukiwepo. Koloni likipungua kutoka 50,000 hadi 2,000, kundi dogo tu la korongo linatosha kulimaliza kabla ya makinda kuruka.

Wakati San Joaquin ikipungua, mahali pengine ramani ilisogea. Vilima vya chini ya safu ya milima ya Sierra Nevada, upande wa mashariki wa bonde, ambako zamani hakuna aliyekwenda kumtafuta trikola kwa bidii, vilianza kuonekana na makoloni mengi zaidi kwenye sensa ya 2014. Huko viota viko kwenye vichaka vya beri nyeusi kando ya vidimbwi vya ng'ombe wa nyama, na pembeni kuna nyasi za malisho zenye panzi. Pembezoni kabisa, Nevada na Washington zilipata makoloni madogo katika miaka ya 1990. Kusini mwa California, ambako karne ya 19 alikuwa wa kawaida hadi pwani, amebaki kwenye sehemu chache za ndani. Kielelezo cha kwanza cha spishi hii kisayansi kilitoka karibu na Santa Barbara miaka ya 1830. Leo mtu akimtafuta kwenye ukanda ule wa pwani atarudi mikono mitupu siku nyingi.

Je, kusogea huku ni habari njema? Baadhi ya waliopinga ulinzi walitaka kuamini hivyo: ndege hajapungua, amehama. Siwafuati. Kama waliotoweka San Joaquin wangekuwa wamehamia vilimani, jumla ya jimbo isingeshuka, lakini imeshuka. Pia ni ndege anayehama kila mwaka kwa asili yake, kwa hiyo kuonekana mahali papya hakuthibitishi kwamba amehama moja kwa moja. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba vilimani kulikuwa na wachache tangu zamani, watafutaji wakaongezeka, na chakula cha huko kikawafaa waliofika. Sehemu ya ongezeko ni ya kweli, sehemu ni ya macho yaliyofunguka.

Lenye maana kwa vitendo ni aina ya ulinzi ambayo kila mahali inadai. Kwenye saileji hatari ina tarehe: ukivuka wiki chache, makinda yameruka, mkulima amelipwa, shamba limekatwa. Vilimani hakuna mavuno ya kuchelewesha, hivyo fedha za mpango wa saileji hazina cha kununua. Hatari ya huko ni mwenye ranchi anayeuza ardhi kwa wajenzi wa nyumba pembezoni mwa Sacramento, au anayefyeka kichaka cha beri kwa sababu ni gugu, na kweli ni gugu, hata idara za mazingira zingemsifu kwa kulifyeka. Au anayeziba mfereji unaovuja, na kidimbwi kilichotegemea uvujaji huo kikakauka. Hakuna mwezi wa kuwahi wala mashine ya kusimamisha. Kinachotakiwa ni mikataba ya muda mrefu ya kuacha nyika ibaki malisho, na mtu wa kumshawishi mwenye ardhi aache kichaka cha miiba chenye sifa mbaya.

Upande wa bonde, vinamasi vilivyorudishwa kwenye hifadhi huvuta makoloni pale maji yanapofunguliwa mapema masika matete yakiwa machanga na mazito. Ugumu ni kwamba maji ya masika California yana wengi wanaoyadai, na hifadhi nyingi zilipangiwa mabata wa majira ya baridi: hujazwa vuli na kukaushwa kabla trikola hajaanza kutaga. Kubadilisha ratiba ya maji kwenye sehemu ya hifadhi hizo, zikiwa karibu na nyasi au mashamba ya alfalfa yenye panzi, kungempa mahali pa kutaga pasipohitaji kununuliwa upya kila Aprili. Kinamasi kizuri kilichozungukwa na milozi pande zote nisingekitumia fedha.